Kutafuta barua pepe za biashara za eneo lako: kutoka kwenye bango hadi kwa mtu anayeidhinisha oda

Mimi nashona sare. Sare za wahudumu wa hoteli, aproni za wapishi, ovaroli za mafundi gereji, makoti ya wauguzi wa zahanati binafsi. Karakana yetu iko Arusha na wateja wetu wametapakaa kuanzia Usa River mpaka Karatu. Kazi ya namna hii haimsubiri mteja apite dukani. Meneja wa loji hawezi kushuka kutoka Karatu ili aje kugonga mlango wako. Wewe ndiye unayemfuata, na mwisho wa yote unamfuata kwa barua pepe, kwa sababu oda ya sare themanini haipiti kwa maneno ya simu. Inataka proforma, yaani ankara ya awali yenye bei, proforma inakwenda kwa mhasibu, mhasibu anaipeleka kwa anayeidhinisha, na makaratasi yote hayo yanasafiri kwa barua pepe.

Nayaandika haya kwa wenzangu wanaoziuzia biashara nyingine: mkaanga kahawa, mtengeneza sabuni, anayefukiza wadudu, fundi wa viyoyozi, mwenye mtambo wa kuchapa. Mifano yangu ni ya sare na ya Arusha kwa kuwa ndiko ninakokujua, lakini aliyeko Mwanza, Mombasa au Unguja atabadilisha majina ya mitaa tu.

Nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Mwaka wangu wa kwanza niliamini kazi ni kupata anwani nyingi. Jioni moja nilikaa na anwani mia na themanini, nyingine nimezinakili mtandaoni, nyingine nimezinunua kwa mtu aliyekuwa anauza orodha kwenye kundi la WhatsApp. Nikazibandika zote kwenye barua moja, nikatuma. Hazikupita dakika tano zikaanza kurudi: anwani haipo, anwani haipo, sanduku limejaa. Asubuhi akaunti yangu ilikuwa imezuiwa kutuma, na mteja wa kweli, aliyekuwa anasubiri proforma yangu siku hiyohiyo, hakuipata. Majibu yaliyokuja kutoka kwenye zile mia na themanini yalikuwa mawili, na moja lilinitaka nisiandike tena.

Tangu siku ile nahesabu kwa namna nyingine. Anwani kumi nilizopewa na wenyewe, wakijua ninazitakia nini, zinanipa kazi kuliko mia nilizookota. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga jambo hilo moja: kuanzia na jina la biashara, kufika kwa mtu aliyekubali umwandikie.

Hatua ya 1: Jua unamtafuta nani kabla hujafungua simu

Usiandike "hoteli za kaskazini". Andika "loji na hoteli za Karatu na Mto wa Mbu zenye vyumba kumi na zaidi". Ukibana eneo na aina ya biashara, utajua orodha imekamilika lini, na utaweza kuzifikia zote kwa safari moja.

Halafu jiulize: humo ndani nani ananunua kitu ninachouza? Kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba sita ni mwenye mali mwenyewe. Kwenye loji kubwa kuna mtu wa manunuzi, lakini msimamizi wa usafi wa vyumba ndiye anayelalamika kwamba sare zimechakaa, na bila malalamiko yake hakuna oda. Kwenye zahanati binafsi muuguzi mfawidhi anapendekeza, mwenye zahanati analipa. Kwenye shule binafsi ni meneja wa shule, mara nyingi mhasibu akiwa pembeni yake.

Kuna jambo linalowakosesha sana wasioizoea biashara ya utalii. Mahali loji ilipo sipo mahali mnunuzi alipo. Kambi inaweza kuwa katikati ya Serengeti, lakini stoo kuu, mhasibu na mtu wa manunuzi wako Arusha, mitaa ya Njiro au Sakina au Sekei, na gari la mahitaji linapakiwa hapo na kupanda mbugani. Ukiandika kwa anwani ya kambi unamwandikia meneja wa kambi, ambaye mtandao wake unakuja na kuondoka na ambaye ana wageni wa kuhudumia. Tafuta ofisi ya mjini.

Na kama unaziwinda taasisi za serikali, yaani halmashauri, hospitali za umma au vyuo vya serikali, hapa sipo mahali pake. Manunuzi ya umma Tanzania yanapitia NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, tangu mwaka 2023. Jisajili huko kama mzabuni, usihangaike na barua pepe za maofisa.

Hatua ya 2: Tembea

Watu wanarukia mtandao haraka mno. Orodha yangu bora kuliko zote niliipata barabarani. Ukitoka Arusha kwenda Karatu unakata kulia pale Makuyuni, na kuanzia hapo mabango ya loji na kambi yanakufuata njia nzima, hasa kwenye michepuko ya vumbi. Kuna mabango yaliyoandikwa jina, simu na barua pepe kwa rangi ya mkono, na mengine ni ya biashara ambazo sijawahi kuziona kwenye ramani yoyote ya mtandaoni. Simama kando, piga picha. Usiku unakaa na picha zako unaandika.

Angalia pia milango ya magari ya watalii: jina la kampuni na tovuti viko pale pale. Angalia kalenda za ukutani benki na kwa mawakala wa bima, kwa sababu kampuni zinazochapisha kalenda zinaandika mawasiliano yote chini. Ukinunua kitu mahali, tunza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Risiti haina barua pepe, lakini ina jina ambalo biashara imesajiliwa nalo na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, na jina hilo mara nyingi silo lililo kwenye bango. Bango linaweza kusema jina zuri la mlima au la ndege, kumbe kampuni inayolipa inaitwa kingine kabisa. Kwenye proforma utahitaji hilo la pili. Ukitaka kuhakikisha, mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwenye intaneti unakuwezesha kutafuta jina la kampuni au la biashara na kuona kama lipo kweli.

Hatua ya 3: Google Maps, kwa mpangilio

Fungua ramani, sogea juu ya eneo lako, kisha tafuta kwa maneno zaidi ya moja. "Lodge Karatu" italeta majibu fulani. "Hoteli Karatu", "guest house Karatu" na "campsite Karatu" zitaleta mengine, kwa sababu kila mwenye biashara alijiandikisha kwa neno lake. Sogeza ramani kidogo, tafuta tena kwenye eneo hilo. Rudia mpaka majina yaanze kujirudia.

Ramani haikupi barua pepe. Inakupa namba ya simu, tovuti kama ipo, na kitu kingine muhimu ambacho wengi hawakiangalii: tarehe ya maoni ya mwisho ya wateja. Mahali ambapo maoni yameishia mwanzoni mwa 2020 pengine palifungwa wakati wa korona na hapakufunguliwa tena. Usipafute kwenye orodha, ila papigie simu kwanza kabla ya kupoteza muda mwingine.

Hatua ya 4: Kuisoma tovuti

Ukurasa wa mawasiliano kila mtu anaujua. Kama hauna kitu ila fomu ya kujaza, shuka chini kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwenye maandishi madogo. Kisha fungua masharti ya kuweka nafasi na sera ya faragha. Kwenye sera ya faragha biashara nyingi zimeandika anwani ya kuandikiwa kuhusu taarifa binafsi. Orodha ya bei ya PDF ambayo loji inawapa mawakala nayo ina anwani za watu wa mauzo ukurasa wa mwisho.

Tovuti ikikauka, tumia Google yenyewe. Andika jina la biashara ndani ya alama za kunukuu, kisha alama ya @ pamoja na kikoa chao, yaani ile sehemu ya anwani inayofuata baada ya @. Kama tovuti ni mfano.co.tz, tafuta "@mfano.co.tz" ndani ya alama za kunukuu. Zitajitokeza kurasa nyingine zilizoitaja anwani hiyo: orodha ya chama, tangazo la zamani, taarifa ya maonesho. Na ukitaka kupekua ndani ya tovuti yao peke yake, andika site:mfano.co.tz ukifuatisha neno kama "email" au "procurement".

Jifunze kusoma anwani unazokutana nazo. Ile ya reservations inafunguliwa haraka kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoleta fedha, lakini anayeifungua anatafuta mgeni wa kulala, si fundi wa sare. Barua yako atairuka. Ile ya info anaifungua yeyote aliyepo zamu. Ya accounts ni ya malipo, na ukiianza kwa kuuza utaudhi mhasibu utakayemhitaji baadaye. Ya procurement au purchasing ndiyo yako, ila ni loji kubwa tu zinazokuwa nayo.

Usiidharau Gmail wala Yahoo. Biashara nyingi za kwetu, tena zinazolipa vizuri na kwa wakati, hazijawahi kuwa na kikoa chao.

Kuna mchezo wa kubahatisha: unajua meneja anaitwa nani, basi unaunganisha jina na ukoo, unaweka kikoa, unatuma. Mimi siufanyi. Ukikosea, barua inarudi, na barua zikirudi nyingi anwani yako wewe inaanza kuonekana ya mtapeli. Ukipatia, umemfikia mtu ambaye hajui umeipata wapi anwani yake, na swali lake la kwanza litakuwa hilo. Vilevile anwani ya tangazo la kazi: imewekwa ipokee maombi ya kazi. Itumie kujua kikoa chao, basi.

Facebook, Instagram na WhatsApp

Biashara ndogo nyingi ukurasa wao wa Facebook ndio tovuti yao. Barua pepe iko kwenye sehemu ya Kuhusu. Instagram ifungue kwa simu, si kwa kompyuta, kwa sababu kitufe cha barua pepe kwenye akaunti ya biashara kinaonekana kwenye programu ya simu. Na ukishakuwa na namba, ihifadhi kisha fungua wasifu wake kwenye WhatsApp: anayetumia WhatsApp Business mara nyingi ameweka anwani, saa za kazi na barua pepe pale.

Hatua ya 5: Vyama na maonesho

Hapa ndipo unapopata orodha ambazo wenyewe wamekubali zionekane. TATO, chama cha mawakala wa utalii chenye makao yake Arusha, kina orodha ya wanachama. HAT ni cha wenye hoteli. Zanzibar kuna ZATI, cha wawekezaji wa utalii. Kwa biashara za kawaida kuna TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, yenye ofisi mikoani, na kwa viwanda kuna CTI. Nenda ofisini kwao, jieleze, uliza kama mtu asiye mwanachama anaruhusiwa kutumia orodha kwa mauzo. Kujiunga nako si wazo baya: mwanachama anapomwandikia mwanachama mwenzake barua inaanza kwa kufahamiana.

Maonesho ni bora zaidi ya orodha. Karibu-KiliFair ya mwezi Juni inawakusanya watu wa utalii wa kaskazini mahali pamoja. Nanenane ya Njiro, mwanzoni mwa Agosti, inaleta wa kilimo na usindikaji. Sabasaba Dar es Salaam inaleta kila mtu. Ukipewa kadi, igeuze nyuma uandike pale pale: tarehe, mlichozungumza, na alichosema umtumie. Kadi hamsini zisizo na maandishi, kesho yake huwezi kukumbuka ipi ni ya nani.

Hatua ya 6: Piga simu

Hii ndiyo hatua yenyewe. Zilizotangulia zote zilikuwa zinakutafutia namba ya kupiga na jambo la kusema.

Piga kati ya saa nne na saa sita mchana. Asubuhi mapema mapokezi wanawaaga wageni wanaoondoka, mchana wanapokea wapya. Mazungumzo yangu huwa hivi:

"Karibu, mapokezi."
"Asante dada, habari za kazi?"
"Salama, karibu."
"Mimi ni fundi wa sare, nakupigia kutoka Arusha. Najua una wageni, sitakuchelewesha. Naomba kujua, mambo ya sare za wafanyakazi hapo kwenu anashughulikia nani?"
"Hayo ni ya ofisini mjini, kwa kaka wa manunuzi."
"Nashukuru sana. Naomba namba ya ofisi hiyo, na kama inafaa, jina la kumwita nisije nikaonekana sina adabu."

Sijaomba barua pepe hata mara moja. Mtu wa mapokezi amekatazwa kugawa anwani za mabosi, na ukiomba utamweka pabaya. Kumtaja anayehusika hakumpi shida.

Ndipo napiga ofisini, najitambulisha, nataja dada wa loji aliyenielekeza, kisha naomba: "Naomba ruhusa nikutumie barua moja yenye picha na bei, uiangalie ukipata nafasi. Niitume kwa anwani gani?" Akiitaja, ameshatoa ruhusa na anwani kwa pamoja. Wakati mwingine anasema, "Mwaka huu hatununui." Hilo nalo ni jibu, na namwuliza nimtafute mwezi gani.

Sasa sikiliza kwa makini anapoitaja anwani, maana hapa ndipo tunapoharibu. Anasoma herufi moja moja, akichanganya Kiswahili na Kiingereza. Akisema "i", ni i ya Iringa, au ni e kwa matamshi ya Kiingereza? Akisema "e", ni e ya embe, au ni a ya Kiingereza imesikika vibaya? M na n kwenye simu ni kitu kimoja, vivyo hivyo b na p. Uliza: "m ya Moshi au n ya Ngorongoro?" Uliza kama kuna kistari, na kama kipo, ni cha kati au cha chini. Uliza mwisho ni .com au .co.tz, kwa sababu mtu akiwa na haraka anasema "dot com" kwa mazoea. Kisha msomee yote kuanzia mwanzo. Kama bado una wasiwasi, mwombe akutumie kwa meseji. Wengi wanakubali, na hapo unaibandika bila kuiandika upya.

Hatua ya 7: Rejesta moja, isiyotoka mikononi mwako

Jedwali la Excel au Google Sheets linatosha. Safu zangu ni hizi: jina la kwenye bango, jina la usajili, eneo, simu, mtu na cheo chake, barua pepe, nimeipata wapi, tarehe, ameruhusu au hapana, na maelezo. Safu ya "nimeipata wapi" usiiache tupu hata mara moja. Siku mtu akikuuliza umeitoa wapi anwani yake, unajibu kwa sentensi moja yenye tarehe, na hasira zinaisha.

Sababu nyingine ni ya kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi wajisajili kwenye Tume hiyo. Anwani ya info ya kampuni ni ya kampuni, lakini yenye jina la mtu ni taarifa ya mtu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inagusa matangazo ya biashara ambayo mtu hakuyaomba: inataka ridhaa, inataka mtumaji ajitambulishe tangu mwanzo, na inataka mpokeaji awe na njia ya kukataa. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Nimeona wafanyabiashara wakizichukulia kama kikwazo. Kwa anayefuata hatua ya 6 sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika, kwa sababu ridhaa aliipata kwenye simu na tarehe yake ameiandika.

Rejesta hiyo usiigawe, usiiuze, usiibandike kwenye kundi. Watu walikupa wewe.

Hatua ya 8: Hakiki

Kwa anwani ulizopewa mdomoni hutahitaji mengi. Kwa ulizozitoa mtandaoni, anza kwa kufungua tovuti ya kikoa: inafunguka, au muda wake umeisha na pamewekwa tangazo? Kikoa kilichokufa, barua pepe zake zimekufa nazo. Unaweza pia kuangalia kama kikoa kinapokea barua: kwenye dirisha la amri la Windows andika nslookup -type=mx kisha kikoa. Jibu likikuonyesha seva ya barua, kikoa kinapokea. Halisemi kama yule mtu yupo. Zile tovuti zinazodai kukagua anwani nazo usiziamini kupita kiasi, kwa sababu kuna seva zinazokubali jina lolote kisha zinalitupa ndani.

Njia ya uhakika ni ileile: piga simu.

Hatua ya 9: Andaa anwani yako mwenyewe

Hapa nitapita haraka. Gmail ya bure inakuwekea kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, na hupaswi kukaribia hapo. Mimi sitaki kuzidi ishirini, kila moja ikiwa na jina lake. Ukiwa na kikoa chako, mwombe anayekuhudumia akuwekee SPF na DKIM, vinavyothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Gmail imekaza masharti hayo, na barua isiyo navyo inaweza kukataliwa au kutupwa kwenye spamu. Kuficha wapokeaji mia kwenye barua moja acha kabisa.

Hatua ya 10: Barua yenyewe

Loji yenye meneja mgeni iandikie Kiingereza. Shule, zahanati na hoteli za wenyeji ziandikie Kiswahili bila woga. Nimepata oda kubwa kwa barua ya Kiswahili. Hii ndiyo ninayoituma:

"Kuhusu: Sare za wahudumu, kama tulivyozungumza Jumanne

Kaka, habari za kazi.

Ni mimi fundi wa sare wa Arusha, tuliyezungumza Jumanne asubuhi baada ya dada wa mapokezi Karatu kunielekeza kwako. Nimeambatisha picha tatu za sare za wahudumu na za jikoni, na bei kwa oda ya kuanzia ishirini. Kitambaa ni cha pamba mchanganyiko, hakichuji, na tunakuja kuchukua vipimo hukohuko Karatu. Risiti ya EFD tunatoa.

Wiki ijayo gari letu linapanda huko. Nikuachie sampuli moja muijaribu kuifua?

Kama hupendi niendelee kukuandikia, nijibu neno moja tu, nitaliheshimu."

Chini ninaweka jina langu, la karakana, mtaa na simu. Angalia ambacho hakimo: hakuna historia ya karakana, hakuna sifa, hakuna picha nzito ya kumalizia bando lake. Viambatisho vyote pamoja havizidi megabaiti mbili, maana anaweza kuwa anasoma kwa simu akiwa Mto wa Mbu. Na swali ni moja, linalojibika kwa "ndiyo, lete".

Tuma Jumanne mpaka Alhamisi, mnamo saa tatu asubuhi. Mwisho wa mwezi waache wahasibu wapumue. Kubwa kuliko siku ni msimu: kambi na loji nyingi zinapunguza kazi au kufunga Aprili na Mei wakati wa masika, zinafanya ukarabati na kuajiri, kisha Juni wageni wanamiminika. Sare za Juni zinaamuliwa Machi. Mimi simu zangu nazianza Februari. Anayeuza sabuni au kahawa ana kalenda nyingine, lakini anayo. Aitafute kwa kumwuliza mtunza stoo wa loji moja tu, atamweleza mwaka mzima.

Siku tano za kazi zikipita kimya, jibu juu ya barua yako ileile kwa mistari miwili, au piga simu. Mara moja. Baada ya hapo andika kwenye rejesta "msimu ujao" na uendelee na mwingine. Aliyekataa, weka alama nyekundu mstari wake wote lakini usiufute, kwa sababu ukiufuta, mwakani utaikuta anwani yake tena kwenye kadi au kwenye bango na utamwandikia upya.

Kila baada ya miezi sita ipitie rejesta kwa simu. Watu wa manunuzi wanahama kutoka loji moja kwenda nyingine, na anapohama, piga namba yake ya mkononi kama alikupa mwenyewe, umpe pole ya kuhama, umwulize yuko wapi sasa na kama huko aliko wanashonesha wapi.